Tekoma ina majani tele lakini maua ya njano ni haba: niipogoe vipi?

Bustani_Tulivu aliuliza:

Ndugu wanabustani, naomba ushauri wenu kuhusu kichaka cha tekoma kilichopo pembezoni mwa nyasi za bustani yangu. Kilipokuwa kichanga kilitoa vishada vya maua ya njano yenye umbo la tarumbeta karibu katika kila ncha ya tawi, na nyuki hawakukauka. Misimu hii ya karibuni kimenenepa na kunizidi urefu, majani yake ni ya kijani kilichokolea, lakini maua yamebaki machache tu kileleni, mahali ambapo mtu hulazimika kurudi nyuma hatua kadhaa ndipo ayaone. Sehemu ya chini imekuwa mashina matupu.

Ili mnishauri vizuri, naeleza matunzo yake. Kila kinapoanza kupoteza umbo la duara hupunguzwa kwa mkasi mrefu wa kukatia uzio wa mimea. Maji hukipata kila siku, kwa kuwa mfumo wa kunyunyizia nyasi unakifikia. Mbolea yake yenyewe hakina, ila nyasi zinazokizunguka huwekewa mara kwa mara. Jua la asubuhi hukifikia vizuri. Kuanzia mchana hufunikwa na kivuli cha mti wa jirani ambao nao umekua.

Nauliza mambo matatu. Kwanza, je, nikikate hadi karibu na ardhi ili kianze upya, au nitakiua? Pili, baadhi ya majani yameanza kugeuka manjano: je, hiyo ni njaa au ni ugonjwa? Tatu, nimesikia kwamba majivu huchochea maua. Je, kuna ukweli wowote katika jambo hilo?

Jani_Mbichi alijibu:

Kabla ya kushika mkasi, ninaomba tuhakikishe kwamba mmea tunaouzungumzia ni tekoma kweli, kwa sababu vichaka vyenye maua ya njano ya aina ya tarumbeta ni zaidi ya kimoja na watu huvichanganya mno. Tekoma, yaani Tecoma stans, ina majani yaliyogawanyika: katika kila kikonyo kuna vijani vidogo, kwa kawaida 5 hadi 7, vilivyopangwa kwa jozi na kimoja kikimalizia nchani, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Ukivunja tawi, hakitoki kitu chochote cheupe. Maganda yake ni membamba na marefu, sentimita 10 hadi 20, na yakikauka hupasuka na kutoa mbegu nyepesi zenye mabawa ya karatasi.

Ikiwa majani ni membamba, marefu, yasiyogawanyika, na tawi likivunjwa linatoa utomvu mweupe, basi huenda ulicho nacho ni Cascabela thevetia, ambao watu wengi bado wanauita thevetia. Huo ni mmea mwingine kabisa, na sehemu zake zote, hasa mbegu zilizomo ndani ya tunda lake la kijani lenye pembe, zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Anayeupogoa anapaswa kuvaa glavu, na watoto na mifugo wasiachwe karibu na matawi yaliyokatwa. Alamanda nayo ina utomvu mweupe unaowasha ngozi, ila maua yake ni mapana zaidi na majani yake mazito hukaa matatu au manne kwa pamoja kuzunguka tawi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mara nyingi mtu akipewa ushauri mzuri kabisa juu ya mmea asiokuwa nao.

Bustani_Tulivu aliandika:

Nashukuru kwa tahadhari hiyo. Nimekata kitawi na hakuna utomvu mweupe. Majani yamegawanyika na yana meno, na maganda marefu yaliyokauka yapo mengi kileleni. Kwa hiyo ni tekoma.

Mtunza_Kitalu alijibu:

Vema. Kama ni tekoma, maelezo yako yenyewe yamebeba jibu, na nitayafuata kwa mpangilio wa uzito wake.

Jambo la kwanza na kubwa ni mkasi. Tekoma huchanua kwenye machipukizi mapya. Vitumba vya maua havijitokezi kwenye mbao za zamani, bali mwishoni kabisa mwa tawi lililokua katika msimu huohuo. Tawi likishachipua, hurefuka kwanza, huzaa jozi kadhaa za majani, ndipo ncha yake igeuke kuwa kishada. Sasa, anayekipunguza kichaka kila kinapoanza kupoteza umbo la duara anaondoa ncha zilezile zilizokuwa zinajiandaa kuchanua, na kila mara anaurudisha mmea mwanzo wa safari. Ndiyo maana maua yako yamebaki kileleni: huko ndiko mkono wako haufiki. Ukipita mahali ambapo tekoma imefanywa uzio na kukatwa sawasawa mwaka mzima, utaona ukuta mzuri wa majani wenye maua machache yaliyojificha, ilhali tekoma iliyosahauliwa pembeni mwa njia imejaa manjano tupu.

Hilo halimaanishi kwamba usipogoe. Maana yake ni kwamba upogoe kwa nguvu mara chache, badala ya kupogoa kidogo kila wakati. Majani ya tekoma huota mawili mawili yakielekeana, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho lililolala. Ukikata juu kidogo ya jozi ya majani, macho yote mawili huamka, na mahali palipokuwa na ncha moja hupata ncha mbili, ambazo kila moja inaweza kubeba kishada chake. Kazi hiyo ifanye mwanzoni mwa kipindi cha ukuaji: pale penye majira ya baridi kali, ni mwishoni mwa baridi wakati hatari ya jalidi imekwisha, pale ambapo mwaka unagawanywa na mvua na kiangazi, ni muda mfupi kabla mvua hazijaanza au zinapoanza. Baada ya hapo weka mkasi chini na uuache mmea umalize jambo lake.

Mkasi wa uzio nao ningeuacha kabisa kwa kazi hii. Hukata bila kuchagua, katikati ya majani na katikati ya pingili, na vijiti vinavyobaki juu ya jicho hukauka na kuoza. Tumia mkasi wa mkono wenye makali kwa matawi membamba na msumeno wa kupogolea kwa mashina yanayozidi unene wa kidole gumba.

Jambo la pili ni mwanga. Tekoma huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 kwa siku au zaidi. Jua la asubuhi pekee huiweka hai na yenye afya, hata majani yake huwa makubwa na ya kijani kilichokolea zaidi, lakini matawi hurefuka yakiutafuta mwanga na maua hupungua. Kama mti wa jirani unaweza kupunguzwa matawi ya chini kwa maelewano, huenda hiyo ikawa na faida kuliko mbolea yoyote utakayonunua.

Jambo la tatu ni chakula. Hukiwekei kichaka mbolea, lakini kinakula. Mbolea za nyasi hutengenezwa kwa ajili ya majani, kwa hiyo naitrojeni huwa nyingi ndani yake, na mizizi ya tekoma haitambui mpaka baina ya nyasi na kichaka. Naitrojeni nyingi pamoja na maji ya kila siku huuambia mmea uendelee kukua, nao unatii. Acha ukanda usio na nyasi kuzunguka shina, angalau kwa upana wa matawi yanavyoenea, utandaze matandazo ya majani makavu au magome kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini yasiguse shina lenyewe, kisha mbolea ya nyasi iishie nje ya ukanda huo. Mboji kidogo mara moja kwa mwaka inatosha kabisa.

Ua_la_Njano alijibu:

Ninaongeza kuhusu majivu, kwa kuwa swali hilo halijajibiwa. Binafsi hunyunyizia majivu ya kuni kuzunguka vichaka vyangu vya maua na sijaona dhara. Yana potasiamu, na potasiamu husaidia maua. Nadhani kuyakataa moja kwa moja si haki.

Mtunza_Kitalu alijibu:

Sikatai kwamba majivu yana potasiamu. Yana kalisi nyingi pia, na hiyo ndiyo inayonifanya nisiyapendekeze kwa mtu ambaye hajaupima udongo wake. Majivu hupunguza uchachu wa udongo kwa haraka. Kwenye udongo wenye uchachu mkubwa yanaweza kusaidia, na huenda wako ndugu yangu ni wa aina hiyo. Kwenye udongo ambao tayari una chokaa, hufanya madini ya chuma na manganizi yasipatikane kwa mizizi hata kama yapo tele ardhini. Tekoma huvumilia udongo wa chokaa kuliko vichaka vingi vya bustani, kwani porini huko Amerika huota hata kwenye miamba ya chokaa, lakini kuvumilia hakumaanishi kwamba inaongezewa maua.

Vivyo hivyo kwa zile mbolea zinazosifiwa kwamba huleta maua kwa sababu zina fosforasi nyingi. Fosforasi ni muhimu kwa mmea, ila udongo mwingi wa bustani huwa nayo ya kutosha, na ikizidi huzuia mizizi kupata chuma. Kichaka kilichopo kivulini na kinachokatwa ncha kila mara hakitachanua hata ukikizika ndani ya fosforasi.

Mstaafu_Shambani alijibu:

Mchango wa Mtunza_Kitalu ninauunga mkono karibu wote, ila nataka kutofautiana naye katika neno "kwa nguvu", ambalo mgeni anaweza kulielewa vibaya na kukata kila kitu kwa siku moja.

Ni kweli kwamba tekoma huvumilia kukatwa hadi karibu na ardhi. Mahali penye jalidi matawi yake ya juu hufa kila mwaka na mmea huchipua tena kutoka mizizini joto linaporudi, kwa hiyo kukatwa hadi sentimita 30 au 50 si hukumu ya kifo kwa kichaka chenye mizizi imara. Lakini kichaka cha mwuliza swali kiko kivulini nusu ya siku, ardhi yake ni mbichi muda wote, na majani yake yameanza kuwa manjano. Mmea uliopoteza majani yote hunywa maji kidogo sana, kwa sababu majani ndiyo yanayoyavuta maji kutoka ardhini. Ukiukata wote huku unyunyiziaji wa kila siku ukiendelea, mizizi itakaa ndani ya udongo uliojaa maji usio na hewa, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia. Atakayelaumiwa ni mkasi, kumbe ni maji.

Mimi ningefuata njia ya kufufua kwa awamu. Mwanzoni mwa msimu huu ondoa theluthi moja ya mashina, ukichagua yaliyo mazee, manene na matupu zaidi, na uyakate karibu kabisa na chini. Yaliyobaki yapunguze kidogo tu kwa kukata juu ya jozi ya majani. Mwanga ukishaingia katikati ya kichaka, machipukizi mapya yataota kutoka chini, na msimu unaofuata utaondoa theluthi nyingine, hadi mashina yote ya zamani yawe yamebadilishwa. Wakati wote huo kichaka kinaendelea kuwa na majani ya kukilisha, na bustani haibaki na pengo. Huchukua muda mrefu kuliko kukata mara moja, lakini nani anatufukuza?

Na machipukizi yanayoota kwa wingi mahali pamoja baada ya kukata yasiachwe yote. Chagua yale yenye nguvu yanayoelekea nje, uondoe yanayoingia ndani na yanayosuguana. Machipukizi laini vilevile huwavuta vidukari. Wakionekana, waondoe kwa mrusho wa maji yenye nguvu au maji yenye sabuni laini kidogo, na usikimbilie dawa kali, kwa sababu nyuki wako palepale.

Mtunza_Kitalu aliandika:

Nakubali. Kwa kichaka chenye hali hiyo, njia ya theluthi ni salama zaidi. Ushauri wangu wa kukata kwa nguvu ubaki kwa tekoma yenye afya iliyopo kwenye jua kamili.

Bustani_Tulivu aliandika:

Nimewaelewa, na ninawashukuru. Naomba niongeze maelezo kuhusu umanjano. Majani yaliyogeuka ni ya sehemu ya chini na ya katikati, si ya nchani. Hugeuka manjano yote kwa pamoja, hayabaki na mishipa ya kijani, kisha huanguka. Siku chache zilizopita, wakati wa jua kali, niliona hata majani ya kijani yamelegea ilhali udongo ulikuwa na unyevu. Nikadhani kimekosa maji, nikaongeza.

Mstaafu_Shambani alijibu:

Kulegea kwa majani huku udongo ukiwa umelowa ni dalili ambayo haipaswi kupuuzwa. Mizizi inahitaji hewa ili iweze kuvuta maji. Udongo ukijaa maji muda mrefu, mizizi midogo hufa, na mmea hulegea kwa kiu ukiwa umesimama ndani ya maji. Mwenye bustani akiona hivyo huongeza maji, na hali huzidi kuwa mbaya.

Umanjano hutofautiana kulingana na unapoanzia. Majani machanga ya nchani yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, hiyo kwa kawaida ni kukosa chuma. Majani mazee ya chini yakififia polepole na mmea ukidumaa, hapo mtu anaweza kufikiria upungufu wa naitrojeni, jambo lisiloelekea kuwa kwako kwa sababu ya mbolea ya nyasi. Majani machache ya ndani yakianguka kwa sababu ya kivuli na uzee ni jambo la kawaida. Lakini majani mengi yakigeuka manjano yote na kuanguka, pamoja na kulegea wakati udongo umelowa, sina shaka kubwa kwamba tatizo liko mizizini.

Fanya uchunguzi mdogo kabla ya kubadilisha chochote. Chimba kwa koleo la mkono, nusu mita kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 15 hivi. Ukifinyanga udongo ukashikana na kung'aa kwa maji, au ukanusa harufu ya uvundo, umepata jibu. Mizizi yenye afya huwa migumu na ya rangi nyeupe au kahawia hafifu. Iliyooza huwa myeusi na laini, na ukiivuta ganda hutoka na kuacha uzi katikati.

Tiba ni kusimamisha maji, si kuongeza dawa. Geuza vichwa vya kunyunyizia visikifikie kichaka. Tekoma iliyokwisha kushika ardhi haihitaji maji ya kila siku. Subiri hadi sentimita 5 hadi 8 za juu za udongo zikauke, ndipo uimwagilie polepole na kwa wingi ili maji yashuke chini, kisha usubiri tena. Miche michanga katika miezi yake ya kwanza ndiyo inayohitaji kuangaliwa kila baada ya siku chache. Kama ardhi ni ya mfinyanzi na maji hutuama, tengeneza mteremko mdogo wa kuyaondoa. Kuchanganya mboji kwenye tabaka la juu kutasaidia pole pole, ila usirundike udongo juu ya shina.

Kunyunyizia kutoka juu kuna ubaya mwingine: majani yanayolowa kila jioni na kukaa mabichi usiku kucha hukaribisha magonjwa ya ukungu. Mwagilia chini, na ikiwezekana asubuhi.

Chavua alijibu:

Hakuna aliyegusa yale maganda makavu yaliyopo kileleni, nami naona hayo yanastahili nafasi yake, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni maua. Mmea uliokwisha kufunga mbegu umetimiza haja yake, na nguvu ambayo ingetengeneza machipukizi mapya huenda kwenye maganda. Vishada vinapomaliza kuchanua, kata tawi hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani mazima yaliyo chini ya kishada. Utakuwa umeondoa maganda yakiwa machanga, na papo hapo umeamsha yale macho mawili aliyoyaeleza Mtunza_Kitalu. Huu ndio upogoaji pekee ninaoukubali katikati ya msimu, na tofauti yake na kukata umbo la duara ni kwamba hapa unafuata ua lililokwisha, wala huondoi linalokuja.

Sababu ya pili inavuka mipaka ya bustani. Ganda moja hubeba mbegu nyingi, na mbegu hizo zina mabawa. Upepo huzipeleka kwenye kingo za mito, kando ya barabara na mashamba yaliyoachwa, ambako huota bila kuhitaji matayarisho yoyote. Tekoma ina asili ya Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani na Meksiko hadi Ajentina, na kwao inaheshimiwa: ni ua la taifa la Bahama. Mbali na kwao imekuwa msumbufu katika nchi nyingi za joto. Afrika Kusini imeiweka kisheria miongoni mwa mimea vamizi inayopaswa kudhibitiwa, na huko walifika hatua ya kuingiza ukungu wa kutu unaoishambulia, Prospodium transformans, ili upunguze kasi yake. Australia na visiwa kadhaa vya Pasifiki vina malalamiko yanayofanana. Kwa hiyo kila mmoja wetu aangalie kwanza sheria ya mahali alipo kabla ya kupanda mpya, na aliyekwisha kuwa nayo asiyaache maganda yakapasuka.

Maganda yakatwe yakiwa bado ya kijani. Yakishakauka na kuwa ya kahawia, kuyatikisa tu kunatosha kuzimwaga mbegu, hivyo funika kishada kwa mfuko kabla ya kukata. Usiyatie kwenye mboji ya nyumbani, kwa sababu lundo lisilopata joto la kutosha haliui mbegu, na utakuwa umezisambaza kwa mkono wako pamoja na mbolea. Miche inayoota chini ya kichaka ing'oe mapema na mzizi wake. Ukiikata tu, huchipua tena.

Jambo dogo la pembeni: ukiona maua yametobolewa tundu karibu na kitako, usidhani ni ugonjwa. Wapo nyuki wakubwa, hasa wale weusi wanaotoboa mbao, ambao hupenda kuiba nekta kwa njia ya mkato bila kupitia mdomo wa ua. Ua hilo huendelea kupendeza kama kawaida.

Bustani_Tulivu aliandika:

Nimechimba kama alivyoelekeza Mstaafu_Shambani. Udongo ulishikana na kulikuwa na harufu upande ule unaopakana na nyasi. Upande wa pili, ulio karibu na ukuta, ulikuwa mkavu zaidi na mizizi yake ni mizuri. Nimegeuza vichwa vya kunyunyizia na nitaanza kuondoa nyasi zinazokizunguka. Maganda nimeshayafunika na kuyakata. Kuhusu mti wa jirani, hauwezi kupunguzwa. Je, niihamishie tekoma hii mahali penye jua?

Mtunza_Kitalu alijibu:

Habari ya mizizi ya upande wa ukuta inatia moyo, maana kichaka chenye nusu ya mizizi mizima kinaweza kujijenga upya. Kwa muda huu usikate zaidi ya mashina makavu. Subiri uone machipukizi mapya yenye nguvu, ndipo uanze awamu ya kwanza ya theluthi.

Kuhamisha kichaka kikubwa sikushauri. Utakata mizizi mingi ya mmea ambao tayari umepoteza mingine, na jasho lake ni kubwa kuliko faida yake. Ikiwa sheria za mahali ulipo zinaruhusu kuipanda, afadhali uoteshe vipandikizi na uvipeleke kwenye jua, ukiacha kichaka cha zamani kiendelee hapo kilipo kwa kadiri kinavyoweza. Vipandikizi vina faida nyingine juu ya mbegu: mmea utakaopata utakuwa sawasawa na mama yake katika rangi na umbo, ilhali miche ya mbegu hutofautiana.

Chagua tawi la msimu huu ambalo limeanza kukomaa, yaani halivunjiki kwa ulaini wala halijawa gumu kabisa. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo tu ya jozi ya majani. Ondoa majani ya nusu ya chini, na yale ya juu yapunguze nusu ili yasipoteze maji mengi. Ukiona kitumba cha ua kwenye ncha, kitoe bila huruma, kwa sababu kipandikizi hakiwezi kuotesha mizizi na kuchanua kwa wakati mmoja. Homoni ya kuoteshea mizizi husaidia ingawa si lazima. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga mkavu wa chembe kubwa na mboji iliyochekechwa, ambao maji hupita kwa urahisi, na ukifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Kiweke mahali penye joto na mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, na uufungue mfuko kila siku kwa muda mfupi ili hewa ibadilike.

Mizizi kwa kawaida huonekana baada ya wiki kadhaa. Kivute polepole: kikigoma, kimeshika. Kihamishie kwenye chungu, ukizoeshe jua taratibu, na ukikipanda ardhini chimba shimo lenye upana mara mbili ya donge la mizizi lakini kina chake kisizidi kimo cha donge hilo, ili shina lisizame chini ya usawa wa ardhi. Kiache umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani. Oteshea vipandikizi kadhaa kwa wakati mmoja, kwa maana si vyote vitakavyoshika.

Mstaafu_Shambani aliandika:

Nami naongeza moja tu: mahali papya pawe nje ya ufikio wa vichwa vya kunyunyizia nyasi.